Aliyebisha Siku ya Yenga

Hata siku ambayo umeme haukuonekana tangu asubuhi, Prof alikuja na tai shingoni. Tai moja tu, ya rangi ya maini, fundo limelika mpaka nyuzi zinatoka, na chini kandambili. Nilikuwa namucheka. Namuambia, Prof, leo kompyuta yako imelala, hiyo tai ni ya kumuamusha? Anajibu bila kuinua kichwa: "Mama wa Chisense, kazi inaweza kuchelewa. Mutu, hapana."

Kontena yake na meza yangu vilipeana mugongo pale soko la Kashikishi, hapa Nchelenge. Mimi nauza chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa Mweru tunavyoanika juu ya muchanga mpaka vinakauka. Yeye kule kwetu Kongo alifundisha sekondari, na sisi watu wa Katanga mwalimu wa sekondari tunamuita Prof, basi, habari imekwisha. Wabemba wa hapa walisikia sisi tunaita Prof, nao wakaita ba Prof. Alipiga chapa barua za watu, alifungua simu zilizojifunga, aliuza bandeli za intaneti. Lakini hizo zilikuwa kazi za tumbo. Kazi ya roho yake ilikuwa sait.

Sait ile, redio wanaita tovuti, aliijenga peke yake kwa ajili yetu sisi tuliovuka ziwa tukikimbia vita, wengine tukabaki soko, wengine wakapelekwa kambini ndani ya pori. Uliyepotelewa na mutu unaandika jina lake, na mashini inalitengenezea jina hilo ukurasa. Mutu yeyote, popote alipo, akiwa na simu anafungua ukurasa na kuandika chini: huyu nilimuona Mansa, huyu anauza sabuni Lubumbashi, huyu ni mimi, niko muzima. Siwezi kumunyima Prof haki yake. Niliona kwa macho yangu mwanamuke anaacha beseni la nyanya katikati ya njia, anakimbia kama mwenye wazimu, kwa sababu simu imemuambia bwana yake yuko Kasama.

"Kila mutu na mulango wake," alipenda kusema. Maana yake, jina uliloandika ndilo linakuwa anwani ya ukurasa, na mwenye kuijua anwani anabisha na kufunguliwa.

Sasa usifikiri alikuwa mutu mutamu. Hapana. Ukienda kwake na kusema "haifanye kazi", amekwisha kukuchukia. Anataka umuambie uliandika nini, simu ilijibu nini, neno kwa neno. Pastor mumoja alikuja na ile sauti ya mimbari, akasema, "Prof, sait yako haifanye kazi." Prof akamutazama juu ya miwani. "Pastor, mugonjwa akikuya kwako anasema 'naumwa' tu, mukono unamuwekea wapi?" Pastor alikasirika, akaenda. Kesho yake akarudi na maneno yote ameyaandika kwenye kiganja.

Makosa yale ya sait aliyapenda kuliko watu, nafikiri. Alikuja Mubemba anaitwa Ng'andu, ukurasa wake unakataa kwa sababu ya kile kialama cha katikati, mashini inasongwa nacho. Kabla ya bukari, ugali wetu wa saa sita, ilikuwa imepona. Mutu wa kambini aliandika Pweto na Kilwa, miji yetu ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na kuweka kijistari cha kuinama katikati, mashini ikafikiri Kilwa ni chumba ndani ya nyumba ya Pweto, ikaingia kutafuta chumba, ikakosa. Ikapona. Halafu yule Honoré na alama yake ya Kifaransa juu ya herufi, ukurasa unafunguka kwa simu yake na kukataa kwa simu ya kaka yake. Ile ilimutesa Prof, alikaa na ndevu kama mufiwa, lakini nayo ikapona.

Simu ya kujaribia ilikuwa yangu, juu ilikuwa mbovu kupita zote za soko, kioo kimepasuka kama udongo wa kiangazi. "Simu yako ikifungua," alisema, "ya kila mutu itafungua." Mimi nabonyeza, nangoja, ukurasa unakuja, napaza sauti kupitia ukuta wa kontena: "Imefunguka!" Na yeye ndani anagonga bati kwa kidole kunijibu. Nilifurahi wakati ule. Naona nilikuwa na furaha kuliko nilivyojua.

Kitu kimoja kilinichukiza: hakula samaki. Jirani gani huyu, unakaa mugongo na muuza chisense na samaki huli? Nilimufungia kwenye gazeti, alipokea kwa mikono miwili na kusema kwa Kibemba, "Natotela, mukwai," kwa adabu zote, kisha nikamuona anampa mama wa makaa. Siku moja nikachoka. Nikamuuliza kama samaki wangu wana sumu.

"Samaki wa hili ziwa," akasema, "wenyewe banakulaka nini, Mama?"

Kando ya ziwa hili neno hilo halihitaji maelezo. Siku ileile akaniambia kidogo. Alivuka yeye kwanza kutafuta pa kukaa, bibi yake na mutoto wao mumoja wafuate na boti ya nyuma. Wavuvi wa Chisenga, kile kisiwa cha kambi za uvuvi, wakamuambia boti ile ilipinduka na wote waliokuwemo. Akaniambia hivyo tu, akarudi kwenye kompyuta yake, na sikumusikia tena akilizungumza.

Sisi hapa mutu mukubwa anaitwa kwa jina la mutoto wake wa kwanza. Mimi sokoni ni Mama wa Chisense kwa sababu ya mizaha ya Prof, lakini kwa majirani ni Mama Chola, na ukiniita jina langu la ubatizo ninaweza nisigeuke. Yeye ukimuuliza, "Prof, tukuite Papa nani?" anasema, "Prof inatosha." Watu wakasema ni tasa. Niliwaacha waseme.

Nifike sasa kwenye musalaba.

Kwetu mutu akikufa, mbele ya jina lake tunaweka musalaba. Kaburini, kwenye karatasi ya misa, kwenye fulana za kilio. Kuandika jina la mufu bila musalaba ni sawa na kumuita aje kula. Simu haina musalaba. Basi watu wakaweka plus, alama ya kujumlisha, juu ndiyo inafanana. Hakuna aliyefundisha mwenzake. Wa kambini waliweka, wa sokoni waliweka, wa ng'ambo nao waliweka.

Mama yangu alikufa ng'ambo, mimi sikumuzika. Nilikaa kilio hapa na majirani, hakuna jeneza, hakuna udongo wa kutupa, tumekaa tunaangaliana. Nikasema, basi, kaburi lake litakuwa kwa sait. Nikaandika plus, nikaandika jina lake, chini nikaandika yale nisiyomuambia. Nikaita ndugu zangu wote, wa Lubumbashi na wa Lusaka: nendeni muandike na ninyi. Wote wakanijibu neno moja. Ukurasa haupatikani.

Nikapeleka kesi kwa Prof, neno kwa neno kama anavyotaka. Nilipofika kwenye plus akaacha kuandika. Aliifahamu palepale. Akanieleza kwamba anwani haiwezi kusafiri na pengo, kwa hiyo mashini kila ikiona pengo kati ya majina mawili inaweka plus ya kuziba, na ikifika inazitoa plus zote na kurudisha mapengo. "Sasa musalaba wa mama yako nao unatolewa. Unakuwa pengo. Mashini inatafuta mutu mwenye pengo mbele ya jina, na huyo hayuko."

Nikasema, vizuri, umejua ugonjwa, ponya. Ni ngumu?

"Hapana. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Bon. Kesho?"

"Nitaona," akasema, akafungua barua ya mutu akaanza kupiga chapa.

Hakuona. Mvua ilikuja na kwisha, hakuona. Watu walikuja na wafu wao, wazee kutoka Mofwe, wamama kutoka kambini, wote haupatikani, haupatikani, na yule mutu aliyemuponya Ng'andu kabla ya bukari anawaambia nitaona. Nilifikiri amezeeka. Nilifikiri labda anataka tumubembeleze.

Halafu ikaja mbaya zaidi. Kambini watu waligundua, au walifikiri wamegundua, kwamba unaweza kuiuliza mashini kama mutu wako amekufa. Unaandika jina wazi: ukifunguka, mutu ni muzima. Unaandika jina na musalaba: ikisema haupatikani, amekwenda. Kumbe na plus ilikuwa inakataa kila jina duniani, hata ungeandika jina lako mwenyewe. Mwanamuke mumoja alimuandika bwana yake hivyo, akapata jibu lake, akanyoa nywele, akakaa kilio, majirani wakamuletea unga. Bwana yake akarudi kutoka kazi ya matofali na mufuko wake mabegani, akamukuta bibi yake chini, na watu wanakimbia kila upande wakidhani ni muzimu. Soko zima lilicheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Nikageuka kumutafuta Prof acheke na sisi, nikamuona amesimama mulangoni mwa kontena, ameshika bati, uso wake umekuwa kama majivu. Nikasema moyoni, leo atatengeneza. Hakutengeneza.

Kanisani hakuenda. Siku ya Yenga, redio wanaita Jumapili, sisi wote tukiwa misani, yeye alikaa kwenye kontena na tai yake akisoma orodha ya wale waliobisha na kukosa, juu mashini inakumbuka kila mulango uliokataa. Nikitoka misa nampelekea bukari na majani ya mihogo. Alikuwa ananionyesha kwa kidole mustari mumoja. "Huyu tena. Kila Yenga, kiisha misa. Anabisha, anangoja kidogo, anabisha tena, anaenda."

"Ni nani?"

"Sijue."

"Anabisha mulango wa nani?"

Hapo alikuwa anaanza kula.

Tuligombana mwaka ule kaka yangu mukubwa alikufa Lubumbashi. Alikufa hajasoma neno moja la mama yetu. Kila akinipigia simu aliniuliza, umetengenezewa? Nami nikijibu, Prof ataona. Siku nilipopata habari yake nilikwenda kwenye kontena na kitenge kimefungwa kiunoni vibaya vibaya, nikapiga bati kwa mukono mpaka mama wa makaa akasimama.

"Weye ni mutu wa namna gani? Bafu betu bote, bote benye musalaba, umebafungia inje. Asubuhi moja, ulisema. Asubuhi moja! Ni juu ya nini?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ni Kabamba," akasema.

Nikauliza Kabamba ni nani, na nilikuwa bado napiga kelele.

"Mutoto wangu."

Akakaa chini. Akasema yeye mwenyewe hakuwahi kuandika jina la mutoto wake kwenye sait, si wazi wala na musalaba. Aliogopa kuandika wazi, na musalaba mukono ulikataa. Sait ilipoanza tu, mutu kutoka ng'ambo akaandika Kabamba, majina yote matatu, na plus mbele. Prof aliona jina hilo kwenye orodha. Yaliyoandikwa chini yake hakuyatazama. Mashini ni yake, angeweza kuyatazama siku yoyote, na hakuyatazama.

"Bavuvi banaweza kuwa bamedanganya," akasema. "Boti moja inafanana na ingine. Nikitengeneza hii kosa, Mama, mulango utafunguka. Na ukifunguka, mutoto amekufa. Sasa hivi ni kosa tu ya mashini."

"Na huyu wa siku ya Yenga? Ni mulango wa Kabamba anabisha?"

"Njo huo."

"Na humufungulie?"

"Mutu anayebisha ku mulango wa mufu analeta nini? Kilio tu. Kilio niko nayo."

Nilimuambia neno baya ambalo silirudii hapa, nikaondoka. Tulikaa musimu mzima bila kusemezana, migongo yetu imegusana kama kawaida na bati katikati. Nilimuchukia, na nilimuhurumia, na vyote viwili vilinichosha. Bukari ya siku ya Yenga niliendelea kupeleka, naiweka mulangoni, nageuka. Sahani narudishiwa imeoshwa.

Siku ya Yenga moja nikamuona bila tai. Nikajua kuna kitu. Nikaweka sahani, naye akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mutu anayeongea peke yake, "Leo hakubisha." Yenga iliyofuata tai haikuwepo tena. "Hata leo." Nilifikiri angefurahi. Alikuwa amekonda shingo, kola imemuzidi.

Mwisho wa mvua hii iliyopita alikuja kwenye meza yangu, kompyuta chini ya kwapa. Ilikuwa siku ya Yenga, nimetoka misa, nageuza chisense kwenye jua. Alisimama kando ya meza kama mununuzi asiye na uhakika.

"Nimetengeneza," akasema. "Fungua ya mama yako."

Nilifungua kwa simu ileile ya kioo kilichopasuka. Musalaba ukaja, jina likaja, maneno yangu yakaja, niliyoyaandika nikiwa na nguvu na kaka yangu yuko muzima. Nililia pale sokoni bila aibu. Nilimushukuru na nilitaka kumupiga. Akangoja nimalize, kisha akasema, "Sasa ile ingine. Fungua weye. Usome na sauti."

Nikaandika plus. Nikaandika Kabamba, na mengine mawili alivyonitajia. Ukafunguka. Nikasoma.

"Papa Kabamba."

"Naam," akaitika.

Sikuwahi kumusikia mutu akimuita hivyo, na aliitika kama aliyekuwa amekaa anangoja. Nikaendelea, juu ningefanya nini.

"Papa Kabamba, kama uko muzima soma hii. Hatukupanda ile boti. Mutoto alishikwa na homa, tukarudi. Nimemuzika hapa Kilwa, ku mission, chini ya udongo muzuri, batu bengi balikuya. Miye niko. Bananiambia hii mashini njo yako, nimejua ni weye, hakuna mwingine. Sina simu, naazima ya ba sista. Kila Yenga, kiisha misa, nitafungua hapa nione kama umejibu. Mama Kabamba."

Niliweka simu chini. Wateja walikuwa wanapita, mumoja aliuliza bei, nikamuonyesha kwa mukono aende. Prof alikuwa anatazama beseni langu. Halafu akanyoosha mukono, akachukua chisense moja, akaitia mudomoni na kuitafuna polepole, kichwa na mukia.

"Ni tamu," akasema.

Palepale akaandika jibu lake chini ya maneno ya bibi yake. Sikumuuliza ameandika nini. Kesho yake tulituma habari na wafanyabiashara wa Kongo wanaovuka na samaki, wakarudi na kusema Kilwa wanamukumbuka mama huyo, alikaa pale mission miaka, vita vilipokaribia tena aliondoka na wengine kuelekea ndani. Wapi ndani, hakuna ajuaye. Ba sista nao wamehamishwa.

Siku hizi yeye ni Papa Kabamba, soko zima. Siku ya Yenga nikitoka misa namukuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kando ya meza yangu, na tai yake. Tunakula bukari na samaki. Kisha ananiomba simu. Yeye ana nzuri kuliko hii, lakini anataka hii. Anaandika plus, anaandika Kabamba, anangoja. Ukurasa unafunguka, kila mara, hata kwa simu yangu. Anateremsha kidole mpaka chini, pale maneno yake yanapoishia, na chini yake ni peupe.